Bukavu: Kazi imekwisha, pensheni bado. Wafanyakazi wa miaka 55 na zaidi wafanye nini?

Mjini Bukavu kuna kundi la wafanyakazi ambalo halizungumziwi sana: wale waliopoteza kazi wakiwa na miaka 55 hadi 59. Kwa waajiri, wamekwisha kuzeeka. Kwa CNSS, bado ni vijana. Wako katikati, na watoto wangali shuleni.

Mambo matatu yamefuatana haraka. Mwezi Juni 2024, MONUSCO ilifunga shughuli zake Kivu Kusini, na wenyeji waliofanya kazi humo wakarudi nyumbani. Januari 2025, Marekani ilisimamisha misaada yake, na tarehe 1 Julai mwaka huo USAID ikafungwa rasmi. Kadiri ya Umoja wa Mataifa, mwaka 2024 Marekani ililipia karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu nchini DRC. Kwa mji kama Bukavu, ambamo mashirika yalikuwa mwajiri mkubwa, pigo lilikuwa zito.

Kisha Februari 2025, AFC/M23 iliingia Bukavu. Mabenki yakafunga milango, bohari zikaporwa. Mwezi Juni, Heineken, kampuni mama ya Bralima, ilitangaza kwamba imepoteza usimamizi wa vituo vyake vya Bukavu na Goma.

Miaka mitatu yenye uzito

Sheria namba 16/009 ya tarehe 15 Julai 2016 imeweka umri wa kustaafu kuwa miaka 60, kwa wanaume na wanawake. Mtu anatakiwa pia kuwa na miezi 180 ya bima, yaani miaka 15. Kabla ya umri huo, pensheni ya mapema ni kwa yule aliyethibitishwa kuchoka kimwili au kiakili. Kufukuzwa kazi peke yake hakutoshi.

Tuchukue mfano wa mfanyakazi wa miaka 57. Kama miezi 180 imetimia, haki yake haijapotea: anatakiwa kusubiri miaka mitatu. Lakini atakula nini ndani ya hiyo miaka mitatu? Kongo haina bima ya ukosefu wa kazi. Na kama ana miezi 168 tu, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu miezi 12 inayokosekana yaweza kumnyima pensheni ya kila mwezi.

Kuna tatizo lingine ambalo wengi wanaligundua wakiwa wamechelewa. Kila mwezi, asilimia 5 ya mshahara hukatwa kwa ajili ya CNSS, na mwajiri anaongeza asilimia 13 yake. Lakini kukatwa si sawa na kufikishwa. Mwajiri ambaye hakutangaza wafanyakazi wake, au aliwatangaza kwa mshahara mdogo kuliko ule wa kweli, amewaachia pengo ambalo litaonekana siku ya kuomba pensheni.

Kufukuzwa au kusimamishwa?

Sheria ya kazi ya 2002, iliyorekebishwa 2016, inamlinda mfanyakazi wa miaka mingi. Preavi inayotolewa na mwajiri haiwezi kupungua siku 14 za kazi, na inaongezwa siku 7 kwa kila mwaka mzima wa utumishi. Aliyefanya miaka 20 ana haki ya siku 154 za kazi, karibu miezi sita ya mshahara. Akifukuzwa bila sababu halali, korti inaweza kumpa fidia inayofikia mishahara ya miezi 36, na sheria inasema umri wake na miaka yake ya kazi vitazamwe.

Shida ni kwamba Bukavu wengi hawakufukuzwa. Waliambiwa contrat imesimamishwa kwa sababu ya vita. Waajiri wengine wana haki ya kusema hivyo: kampuni iliyoporwa haina cha kulipa. Lakini kwa mfanyakazi wa miaka 58, kusimamishwa bila tarehe ni mtego. Halipwi, miezi yake ya bima haiongezeki, na hawezi kudai dekonti ya mwisho kwa sababu kwenye karatasi angali mfanyakazi.

Somo kutoka Katanga

Nchi yetu imekwisha kuona jambo kama hili. Kati ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango uliolipiwa na Benki ya Dunia. Walipewa pesa mara moja, baada ya miezi mingi bila mshahara. Kwa familia nyingi pesa hizo zililipa madeni, shule na matibabu, na biashara ndogo walizofungua hazikudumu. Mtu aliyezoea mshahara kwa miaka 25 hageuki mfanyabiashara kwa juma moja.

Bukavu, jaribu ni lilelile. Anayepata dekonti anashauriwa na kila mtu: nunua pikipiki, fungua alimentation, peleka bidhaa Kadutu. Lakini soko ambalo wateja wake pia wamepoteza mishahara halimezi wauzaji wapya bila mwisho. Wanaoonekana kuvumilia zaidi ni wale waliokuwa na kitu kabla ya kazi kwisha: shamba Kabare au Walungu, chumba cha kupangisha, au akiba katika MUSO ya mtaa.

La kufanya sasa

Kwanza, karatasi. Contrat, fishi za mshahara, namba ya CNSS na cheti cha mwisho wa kazi viwekwe pamoja, na kopi zihifadhiwe kwa mtoto au ndugu anayeishi mji mwingine. Vita vimekwisha kuunguza arshivu nyingi.

Pili, mtu ajue idadi ya miezi yake CNSS kabla ya kufikisha 60. Sheria inafungua pia mlango wa bima ya hiari kwa aliyetoka kazini. Aulize mapema, kwani ombi hilo lina muda wake.

Tatu, aliyesimamishwa aombe barua yenye tarehe na sababu, na asitie sahihi karatasi yoyote bila kuisoma na mtu wa sendika au avoka.

Nne, aambie nyumbani. Kuna wababa wanaotoka asubuhi na sakoshi mkononi, wakizunguka Nyawera hadi jioni ili bibi na watoto wasijue. Wakati huo minerval inaahidiwa, deni linakua, na familia inaendelea kutumia mshahara ambao haupo.

Hayo yote ni ya mfanyakazi. Lakini yeye peke yake hawezi kuziba pengo la miezi ambayo mwajiri hakulipa kwa sababu ya vita. Jambo hilo linasubiri uamuzi wa serikali na CNSS, Kinshasa. Kwa aliye na miaka 58, kusubiri huko kunahesabiwa kwa miezi.