Treni ya kuning'inia si pambo la jiji: funzo kwa Nakuru na Likoni

Uchaguzi wa 2027 unakaribia, na msimu wa kampeni una mazoea yake. Mashimo ya barabarani husahauliwa, picha za kompyuta zikachukua nafasi yake. Mojawapo ya picha zisizochuja ni ile ya treni ya reli moja inayoning'inia hewani, abiria wametulia ndani huku magari yamekwama chini. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, si ajabu kusikia mtu akiuliza kwa nini nasi tusiwe na kitu kama hicho. Sisi wa Kiamunyi, kitongoji kilicho kando ya barabara ya kuelekea Kabarak na Eldama Ravine, tunaotegemea matatu kufika mjini, ndio wepesi wa kuvutiwa. Wasomaji wa Pwani wanaielewa ndoto hii kuliko sisi, kwa kuwa wao walikwisha kuahidiwa magari ya kuning'inia pale Likoni.

Kabla ya kumpigia makofi mwanasiasa yeyote, tuitazame treni yenyewe inakofanya kazi. Iko Wuppertal, Ujerumani, na imebeba abiria tangu 1901, mwaka ule ule reli iliyotoka Mombasa ilipofika Ziwa Viktoria. Njia yake ni kilomita 13.3, ina vituo 20, na kwa siku ya kawaida hubeba watu zaidi ya 80,000. Mabehewa yananing'inia chini ya reli moja ya chuma iliyoshikiliwa na nguzo zilizotanua miguu juu ya mto Wupper.

Kwa nini waliitundika? Hawakutafuta sifa. Bonde lao ni jembamba, na kufikia mwisho wa karne ya 19 lilikuwa limejaa viwanda na nyumba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nafasi pekee iliyobaki wazi ilikuwa ile iliyo juu ya maji ya mto, na wakaitumia hiyo. Kwa maneno mengine, treni ile ni jibu la swali la ardhi. Ndiyo maana miaka zaidi ya 120 baadaye dunia ina treni chache mno za aina hiyo, kama zile za Chiba na Shonan kule Japani. Miji mingi ilipopima gharama iliona kwamba reli ya chini au basi lenye njia yake lingetosha.

Hata Wuppertal kwenyewe, kuning'inia kuna bei yake. Mwaka 1999 mafundi walisahau kipande cha chuma kwenye reli baada ya ukarabati. Treni ya kwanza ya alfajiri ikakigonga na kuanguka mtoni, watu 5 wakafa. Novemba 2018 kipande kirefu cha reli ya umeme kilidondoka, na huduma ikasimama hadi Agosti 2019. Basi likiharibika unaleta lingine. Njia moja ya angani ikifungwa, jiji zima linarudi chini kutafuta usafiri.

Sasa turudi Nakuru. Mtu anaweza kusema nasi tumebanwa, na ni kweli. Kaskazini kuna kreta ya Menengai, kusini kuna Ziwa Nakuru na mbuga yake, kwa hivyo jiji limekua kwa urefu, mashariki na magharibi. Ukiitazama ramani, ni kama Wuppertal. Lakini kuna tofauti moja kubwa: katika ukanda huo wetu mwembamba reli tayari imelazwa. Ilifika hapa mwaka 1900, na magharibi mwa mji inagawanyika, mkono mmoja ukielekea Njoro na Kisumu, mwingine Rongai na Eldoret. Ardhi ya reli haihitaji kununuliwa upya. Nairobi ina treni za abiria za asubuhi na jioni kwenye reli ya enzi hiyo hiyo. Anayetaka kutuondolea foleni angeanza kwa kutuambia ni lini treni fupi ya abiria itapita kati ya vitongoji vya mashariki na magharibi, na wapi matatu za Kiamunyi zitakutana nayo. Swali hilo halina picha ya kuvutia, lakini lina jibu linalowezekana.

Kuna pia suala la udongo. Bonde la Ufa si mahali pa kusimika nguzo ndefu kwa pupa. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano, na nyufa za ardhi si hadithi za kale. Machi 2018, mvua kubwa ilipofungua ufa karibu na Suswa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilikatika. Wahandisi wanaweza kujenga juu ya ardhi kama hii, lakini kila nguzo itadai uchunguzi na msingi wa gharama kubwa, na gharama hiyo italipwa na mtu fulani.

Likoni ni jambo tofauti kabisa, na hapa ndipo nawaunga mkono watu wa Pwani. Pale kizuizi ni cha kweli. Ni maji ya bahari, na meli kubwa za bandari ya Kilindini hupita katikati. Zaidi ya watu 300,000 huvuka kila siku, karibu mara nne ya abiria wa treni ya Wuppertal. Na hatari si ya kubuni: Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama na kuua watu 272. Kama kuna mahali Kenya panapostahili kitu cha kupita hewani, ni hapo. Ndiyo maana mpango wa magari ya kuning'inia kwenye nyaya, uliotangazwa miaka ya 2010 kwa ushirikiano wa shirika la feri na mwekezaji binafsi, ulipokewa kwa matumaini. Hadi leo hakuna waya uliovutwa.

Lakini mpango huo nao ulikuwa na tundu ambalo wachache walilizungumzia. Feri ni bure kwa anayetembea kwa miguu. Mwekezaji binafsi hawezi kubeba watu bure, lazima arudishe mtaji wake. Tuseme nauli ingekuwa shilingi 20 tu. Kwenda na kurudi ni 40, na kwa siku 26 za kazi ni shilingi 1,040 kwa mwezi. Kibarua wa Shika Adabu anayevuka kwenda kutafuta kazi kisiwani angezitoa wapi? Na mama anayerudi kutoka soko la Kongowea na magunia yake angeyaingiza vipi kwenye kijumba kile cha vioo? Wenye uwezo wangepanda juu, wengine wangebaki kwenye foleni ile ile chini. Hatari ni kwamba serikali ingeona tatizo limetatuliwa na kuacha kununua feri mpya.

Haikulazimu kuwa hivyo. Medellín, Kolombia, walianza kutumia magari ya nyaya kama usafiri wa umma mwaka 2004, wakiyapeleka kwanza kwenye mitaa ya maskini iliyo milimani, na wakayaunganisha na treni ya jiji ili mtu asilipe mara mbili. Wuppertal pia, tiketi inayokupandisha basi ndiyo inayokupandisha treni ya kuning'inia. Huko mtambo ni sehemu ya huduma ya umma, na jiji linajua kwamba nauli peke yake haitoshi. Kwetu tunataka mwekezaji ajenge, abiria alipe na serikali ikate utepe.

Matokeo ya njia hiyo yanaonekana. Port Harcourt, Nigeria, ilianza kujenga treni ya reli moja zaidi ya muongo mmoja uliopita. Mradi ulikwama, na nguzo zikabaki zimesimama juu ya barabara kama makaburi ya pesa za umma. Hapa kwetu, mwaka 2018 barabara ya Thika ilichorwa mstari mwekundu wa mabasi ya mwendo kasi. Rangi ilikuja, mabasi hayakuja. Dar es Salaam, bila kuning'iniza chochote, ilikuwa imeanza kusafirisha watu kwa mabasi hayo tangu 2016. Pamoja na matatizo yake mengi, angalau yapo.

Katiba ya 2010 imewapa magavana kazi ya usafiri wa umma wa barabarani, na hata vivuko na bandari ndogo vimetajwa kwenye orodha ya kazi za kaunti. Kwa hivyo anayeomba kura, awe Nakuru au Mombasa, hana pa kujificha. Akileta picha ya treni ya angani, aulizwe mambo matatu. Ni kizuizi gani cha ardhi kinachotulazimu kupita juu? Abiria maskini kabisa atalipa kiasi gani akilinganishwa na anacholipa leo? Na abiria wakipungua au chuma kikianguka, nani atabeba hasara?

Kwa Nakuru, swali la kwanza peke yake linatosha kuurudisha mradi mezani. Kwa Likoni, swali la kwanza lina jibu tangu zamani. Yaliyosalia ni ya pili na ya tatu, na wakazi wa Likoni wanastahili kuyajibiwa kwa tarakimu, hadharani, kabla ya jina lolote kupigiwa kura.