Mama, Daftari Lako Liko Wapi?

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hulikwepa mpaka siku afisa wa kodi anapopiga hodi. Nalo ni kodi ya biashara ndogo tunazozifanya ili nyumba isimame: maandazi, ushonaji, kuku wa mayai, genge la nyanya na vitunguu.

Nianze na mimi mwenyewe. Nilikuwa nikiuza maandazi na chapati kwa wasafiri hapa Mikumi, kando ya barabara kuu ya kwenda Iringa, bila kuandika hata mstari mmoja. Fedha ilikaa kwenye pindo la khanga. Mtoto akitaka kalamu, nafungua fundo. Mgeni akija, nafungua fundo. Siku nilipoulizwa, "Mama, kwa mwaka unauza kiasi gani?" nilibaki nimekodoa macho. Sikuwa nikificha, sikujua. Basi nikalipa kodi ya mtu asiye na kumbukumbu, shilingi 100,000. Kosa lilikuwa langu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nimejifunza kwamba hata kodi, bila daftari, huongezeka.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtazama mfanyabiashara mdogo hivi. Kama kipato chako chote kinatokana na biashara, na mauzo hayazidi shilingi milioni 100 kwa mwaka, unatozwa kwa kutazama mauzo, si faida. Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi ya mapato. Yakiwa kati ya milioni 4 na 7, asiye na kumbukumbu hulipa 100,000. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Yakiwa kati ya milioni 7 na 11, asiye na kumbukumbu hulipa 250,000. Mwenye nazo hulipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7.

Mwaka uliofuata niliandika kila siku. Daftari likaonyesha mauzo ya shilingi 5,200,000. Kilichozidi milioni 4 ni 1,200,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 36,000. Biashara ni ile ile, kibanda ni kile kile, lakini kodi imepungua kwa shilingi 64,000. Mama mwenzangu, hiyo ni sare ya mtoto.

Wengine mtauliza, "Je, unga na mafuta ninayonunua hayatolewi?" Katika utaratibu huu wa mauzo, hapana. Lakini sheria inakuruhusu kuchagua kutozwa kwa faida badala ya mauzo. Mwenye gharama kubwa na faida ndogo aifikirie njia hiyo, ila awe na hesabu kamili.

Sasa tufuate njia ya Ulaya mpaka Kilosa mjini, tumtazame mwalimu anayeshona nguo jioni. Huyu ana mshahara unaokatwa kodi kila mwezi, kwa hiyo kipato chake si cha biashara peke yake, na utaratibu wa mauzo haumhusu. Yeye hutoa gharama kwenye mauzo, na faida inayobaki ndiyo inayohesabiwa pamoja na mshahara wake. Tuseme ameuza nguo za shilingi 6,000,000, na gharama zake ni 4,200,000. Faida ni 1,800,000. Lakini kama ana uthibitisho wa shilingi 2,000,000 tu, ataonekana amepata faida ya milioni 4. Atalipia kodi fedha ambayo hakuipata.

Gharama zinazokubalika ni zile zilizotumika kwa ajili ya kupata kipato hicho tu: vitambaa, nyuzi, zipu, pango la chumba cha kazi, ujira wa msaidizi, nauli ya kufuata bidhaa Morogoro. Kama umekopa kwa ajili ya biashara, riba ni gharama. Kurudisha mkopo wenyewe si gharama. Umeme na simu, hesabu sehemu iliyotumika kwenye kazi tu. Cherehani na vifaa vingine vya kudumu vina hesabu yake ya uchakavu, kwa hiyo tunza stakabadhi zake. Karo ya watoto, chakula cha nyumbani na gauni lako la Pasaka havimo, hata kama vimelipwa kwa fedha ya biashara.

Tufanyeje basi? Kwanza, tenganisha mikoba: mmoja wa nyumba, mmoja wa biashara. Pili, nunua daftari na uandike kila jioni kabla ya kulala: tarehe, ulichouza, ulichonunua, kilichobaki. Tatu, dai risiti kila unaponunua, uziweke kwenye kopo moja, na uzitunze kwa miaka 5. Muuza kuni akiwa hana risiti, andika jina lake, tarehe na kiasi, naye atie sahihi. Haina nguvu ya risiti, lakini ni bora kuliko kutegemea kichwa. Nne, weka kando kidogo kila wiki, kwa sababu kodi hulipwa kwa awamu nne, ya kwanza mwisho wa Machi, kisha Juni, Septemba na Desemba.

Na kabla ya kulipa, uliza katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato iliyo karibu nawe kama viwango vimebadilika, maana Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka.

Daftari langu lilinifunulia na jambo jingine. Nilipoanza kuandika unga niliochota kwa ajili ya uji wa watoto, niliona kwamba mtaji haukuwa ukiliwa na kodi wala na wateja wakopaji, bali na jiko langu mwenyewe. Nilimwonyesha baba watoto. Alisoma kimya, akafunga daftari, na tangu mwezi ule unga wa uji hutoka mfukoni mwake.

Habari ya sarafu ya Kaisari sote tunaijua. Tumpe kilicho chake, lakini tusimpe na sare ya mtoto kwa sababu ya uvivu wa kuandika.