Mama Mkubwa Asitengewe Sufuria

Leicester, Uingereza

Ndugu zangu wa Tanga, Muheza, Pangani na popote barua hii itakapowafikia,

Dhumuni la kuwaandikia ni chakula cha wagonjwa wetu wa kisukari. Simu za huko zikiingia jioni siku hizi, baada ya salamu na habari za ada za watoto, swali linalofuata ni hilo: shangazi kapimwa, kakutwa na sukari, sasa tumpikie nini? Badala ya kumjibu kila mmoja kivyake, nimeona bora niandike mara moja, msomeane.

Jibu langu ni fupi: mpikieni kile mnachokula, halafu nyumba nzima ipakue kama inavyompasa yeye. Maelezo ndiyo marefu.

Mimi napika katika nyumba ya kulelea wazee. Wengi wao wana kisukari cha aina ya pili, baadhi wanachoma insulini. Mfanyakazi mgeni akiingia jikoni huuliza sufuria ya wenye kisukari ni ipi. Hakuna. Samaki ni yule yule, kabichi ni ile ile, na hata keki ya siku ya kuzaliwa hukatiwa wote, ila kipande chao huwa chembamba. Tofauti iko kwenye upawa: kiasi cha viazi au wali kinachoingia sahanini. Na zile biskuti na chokoleti zilizokuwa zikiandikwa kwamba ni maalumu kwa wenye kisukari, ambazo baadhi yenu bado mnaniagiza, hapa Uingereza sheria hairuhusu tena ziuzwe kwa jina hilo. Mafuta yake ni yale yale, bei ni kubwa, na ule utamu mbadala ukizidi humharisha mtu. Kwa hiyo niseme wazi: hizo sileti.

Juzi nilimwona mama mkubwa kwenye simu ya video, saa saba mchana, kawekewa chakula peke yake kwenye meza ndogo. Wengine wako jamvini na wali wa nazi. Yeye mbele yake pana kilima cha ugali wa dona, mchicha vijiko viwili umechemshwa bila kitunguu wala nyanya, kipande cha kibua kisichozidi kidole gumba, na bilauri ya juisi ya embe. Aliyempakulia alikuwa na nia njema kabisa. Kaambiwa dona ni nzuri, na embe limetoka kwenye mti wa uani, halikutiwa sukari hata punje.

Dona ni nzuri kweli. Imebaki na pumba na kiini cha hindi, kwa hiyo ina nyuzinyuzi kuliko sembe na haikimbilii damuni kwa kasi ile. Lakini dona nayo ni wanga, na wanga wote ukifika tumboni hugeuzwa kuwa glukosi, hiyo hiyo sukari tunayoikimbia. Kilima cha dona kitampandisha kuliko ngumi moja ya wali mweupe. Hili nalirudia kila siku kwenye simu na bado nasikia watu wakigombana dona na sembe, mtama na ulezi, kana kwamba kiasi si kitu. Juisi nayo, bilauri moja imemeza maembe mawili au matatu, nyuzinyuzi zimebaki kwenye chujio, na mtu anaimaliza kwa pumzi mbili. Apewe maji. Embe alile kwa vipande, nusu ya embe la wastani, alitafune. Machungwa ya Muheza vivyo hivyo: moja la kumenya, si jagi la kukamua. Soda sina haja ya kuisemea sana. Chupa ya mililita 350 ina takribani vijiko tisa vya chai vya sukari.

Sahani inayofundishwa kwenye kliniki nyingi duniani imegawanywa hivi: nusu mboga zisizo na wanga, robo wanga, robo protini. Kwetu mboga hizo tunazo mpaka tunazidharau: mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, bamia, bilinganya, nyanya chungu, kabichi, kachumbari. Robo ya protini ni samaki, dagaa, kuku, mayai, au maharage, kunde, choroko na mbaazi. Hizi jamii ya kunde zina wanga wake pia, ila unaingia damuni taratibu, na kwa mfuko wa mwisho wa mwezi ndizo zinazookoa nyumba. Robo iliyobaki ndiyo ya wali, ugali, chapati, muhogo au ndizi. Nasema au, si na. Chapati juu ya wali, na viazi ndani ya mchuzi, ni robo tatu za wanga.

Asiye na hamu ya kupima sahani atumie mkono wake. Mbinu hii ilienea kutoka Zimbabwe na hata Wakanada wameichukua. Wanga ujazo wa ngumi moja, tunda ngumi moja, samaki au nyama ukubwa wa kiganja na unene wa kidole cha mwisho, mafuta ncha ya kidole gumba, na mboga kadiri viganja viwili vinavyoweza kukumbatia. Uzuri wake ni kwamba kila mtu kaja na kipimo chake. Mwenye mwili mkubwa ana ngumi kubwa.

Najua mtakaloniuliza: na sinia je? Pwani hatuli kwa sahani. Tunazunguka sinia, mkono unakwenda na kurudi, na hakuna ajuaye kala kiasi gani mpaka sinia liwe tupu. Wataalamu wa lishe waliosomea kwa vitabu vya kigeni husema mgonjwa apewe sahani yake. Mimi sikubaliani nao sana. Mtu mzima aliyekula na wanawe miaka yote, ukimtoa jamvini umemwambia kwamba ameshaanza kufa. Ndiyo maana usiku huenda jikoni kukomba ukoko. Mwacheni jamvini, lakini pangeni sinia upya: wali uwe wa kuzunguka kando, katikati pawe na samaki, mabakuli ya mboga yawe mawili na makubwa, na upande wake apangiwe ngumi yake ya wali mapema. Aanze na mboga na samaki, wali aumalizie. Utaratibu huo peke yake hupunguza kasi ya sukari kupanda baada ya kula. Na mchicha wake mtieni kitunguu, nyanya, ndimu, hata tui jepesi. Tui halipandishi sukari kama wanga. Shida yake ni mafuta mazito, ambayo moyo hauyapendi, basi lile zito liwe la siku moja moja. Chumvi ndiyo ya kuangalia zaidi, kwa kuwa kisukari na presha hupenda kuandamana.

Ramadhani ina mambo yake. Futari ya kwetu ni tamu mpaka mtu anasahau kwamba karibu kila bakuli ni wanga: mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mzuzu, tambi za sukari, kalimati zilizolowa shira, na uji wa kufungulia. Ukizigawa sahani zile kwa robo, robo zote nne ni wanga. Sisemi msipike. Mgonjwa achague kimoja, leo muhogo, kesho magimbi, kwa kiasi cha ngumi ile ile, na kando yake pawe na samaki wa kupaka au mchuzi wa kunde pamoja na kachumbari ya kutosha. Tende moja yatosha kufungulia, na moja ni witiri. Kiu aimalize kwa maji, si sharubati. Daku asiikose, na aile kwa kuchelewa, iwe na maharage au mayai, si chai na mkate mweupe pekee.

Lakini kabla ya yote hayo, mwezi wa Shaaban aende kwa daktari. Wapo ambao hawatakiwi kufunga kabisa, na wapo wanaopangiwa dawa upya. Anayechoma insulini au anayemeza glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari alasiri akiwa hajala kitu. Ikifika chini ya 4 (mmol/L) kwenye kipimo, afungulie hapo hapo, hata kama adhana imebakiza robo saa. Kujidunga kidole ili kupima hakuvunji saumu. Wanazuoni wengi wameshalisema hilo.

Hapo hapo niwaonye juu ya kosa la upande wa pili, maana nalisikia sana. Mgonjwa anaogopa chakula, anaruka mlo, anakunywa chai kavu mpaka saa tisa, huku dawa kameza asubuhi kama kawaida. Anaanza kutetemeka, jasho jembamba, maneno yanamchanganya, na nyumbani wanadhani ni mashetani. Hiyo ni sukari iliyoshuka. Mpeni vijiko vinne vya chai vya sukari vilivyokorogwa kwenye maji, au nusu bilauri ya soda yenye sukari (soda ina siku yake moja ya heshima), subirini dakika 15, mpimeni tena, mkiona bado rudieni. Akishapata nafuu ale chakula. Akizimia msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali. Milo mitatu kwa saa zinazojulikana ni sehemu ya dawa yake.

Sasa, kwa nini nasisitiza nyumba nzima? Kwa sababu kisukari cha aina ya pili hutembea katika ukoo, na wanaokula jamvi moja na mama mkubwa ndio damu yake. Mwaka 1989 Donald McLarty na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha matokeo ya vipimo vya vijiji vyetu, na wenye kisukari hawakufika asilimia 1 ya watu wazima. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta asilimia 9.1 kwa wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Vipimo vile viwili havikufanywa sawasawa, kimoja cha vijiji na kingine cha nchi nzima, lakini hata ukitoa hesabu hiyo, pengo ni kubwa. Bodaboda zimetupunguzia kutembea, soda imeingia kila genge, na sahani ya wali imekua huku ya mboga ikipungua. Binti anayempikia mama yake mboga tupu, kisha akajipakulia kilima cha wali na soda pembeni, anajiandalia kadi ya kliniki ile ile.

Kuna habari njema pia. Hapa Uingereza Roy Taylor wa Newcastle na Mike Lean wa Glasgow waliongoza utafiti ulioitwa DiRECT, wenye matokeo yaliyotoka mwaka 2017. Watu wanene waliokuwa na kisukari cha aina ya pili kisichozidi miaka sita walipunguzwa uzito sana kwa mlo mdogo wenye usimamizi, na baada ya mwaka mmoja karibu nusu yao sukari ilikuwa chini ya kiwango cha ugonjwa bila dawa. Wenye kitambi, hasa wajomba zangu, mlisome hilo mara mbili. Ila msijifungie ndani na kujinyima kwa siri. Dawa lazima zipangwe upya na daktari, la sivyo ni ile hadithi ya kutetemeka.

Kuhusu mlonge, mdalasini na maji ya karela, sitagombana na mtu. Mlonge ni mboga nzuri, pikeni. Kisichokubalika ni kuweka metformini kabatini kwa sababu jirani kaleta chupa.

Na kwenye harusi na misiba, mwenye sukari ale pilau kama wageni wengine, ngumi yake moja na kachumbari mara mbili, kisha atembee dakika kumi na tano badala ya kukaa kitini mpaka alasiri. Msimzuie mbele za watu. Hakuna kinachomkasirisha mtu mzima kama kunyang'anywa sahani ukumbini na mpwa wake.

Ubishi wote unaobaki, kama ndizi mbivu zinamdhuru fulani au magimbi yanamfaa, unaamuliwa na kipimo. Apime kabla ya kula na saa mbili baadaye, aandike kwenye daftari alikula nini na kiasi gani. Hapa tunalenga 4 hadi 7 kabla ya chakula na chini ya 8.5 saa mbili baada ya kula, ingawa kwa wazee daktari anaweza kuruhusu juu kidogo. Baada ya wiki chache atajua mwili wake unakataa nini, na daftari hilo aende nalo kliniki.

Kwa hiyo mkitaka niwatumie kitu, niombeni vijiti vya kupimia. Nitumieni kwanza picha ya kipimo mlicho nacho, jina lisomeke, maana vijiti vya kipimo kimoja havifanyi kazi kwenye kingine. Na vikifika, vibaki kwenye kopo lake lililofungwa. Unyevunyevu wa kwetu huviharibu, na kijiti kilichoharibika husoma uongo.

Nduguyenu,
mpishi wa Leicester