TAHARIRI: Uaminifu wa mlipaji nao uvuke mpaka

Simu janja si pambo tena kwa mfanyabiashara wa Namanga, Busia, Mutukula au Rusumo. Ndiyo daftari lake la wateja, ndiyo pochi yake. Haishangazi kwamba mipango ya kuuza simu kwa kianzio kidogo na malipo ya kila siku imepokewa kwa mikono miwili. Nchini Kenya, Safaricom ilianzisha Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020, mteja akilipa Sh20 kwa siku. M-KOPA nayo huuza simu kwa mtindo huo Kenya na Uganda.

Mipango hii imewafungulia mlango watu wasio na hati ya nyumba wala barua ya mshahara. Dhamana ni simu yenyewe: malipo yakichelewa, inafungwa kwa mbali.

Lakini masharti hayo yaliandikwa kwa mteja anayelala nchi moja. Mama anayefuata vitunguu ng'ambo anaweza kukaa huko siku tatu, laini yake ikiwa haishiki mtandao. Siku ya malipo inapita, simu inajifunga, na njia ya kulifikia pesa la mzigo inajifunga nayo. Mwenye kitochi cha akiba atahamishia laini humo; asiye nacho atakwama na mzigo sokoni.

Tatizo la pili ni kumbukumbu za mikopo. Nchini Kenya, habari za mkopaji hupelekwa kwenye ofisi za taarifa za mikopo, maarufu kama CRB, akilipa vizuri au vibaya. Hata hivyo, aliyemaliza deni bila kuchelewa hata siku moja, akienda kukopa Kampala au Arusha, huonekana kama mtu asiyewahi kukopa.

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 2010, ikiahidi kwamba bidhaa, watu, huduma na mitaji vitavuka mipaka. Jina jema la mlipaji nalo ni mtaji. Benki kuu za nchi wanachama zikubaliane namna ya kulitambua, kwa idhini ya mwenyewe. Wasimamizi wa mawasiliano nao wadai siku kadhaa za subira kabla simu haijafungwa, na mteja aweze kulipa kutoka mtandao wa nchi jirani.

Wakati hayo yakisubiriwa, mfanyabiashara apige hesabu kabla ya kutia sahihi. Chukulia simu inayouzwa taslimu Sh12,000. Kwa kianzio cha Sh2,000 na Sh50 kila siku kwa mwaka, atakuwa amelipa Sh20,250. Sh50 ni bei ya kikombe cha chai. Sh8,250 za ziada ni mtaji wa magunia. Adai mkataba kwa Kiswahili, wenye jumla ya malipo yote. Akimaliza deni, ahakikishe kufuli limeondolewa na atunze uthibitisho.

Na anayenunua simu iliyotumika mpakani kwa bei ya kutupa aulize kwanza kama deni lake limekwisha. Muuzaji atarudi kwao na pesa. Kufuli litabaki na mnunuzi.