Matairi mawili mapya yanavyoweza kuiua Subaru ya mkulima

Pita kwenye gulio lolote la Njombe siku ya soko, au kule Karatu wakati wa msimu wa vitunguu, uangalie magari yaliyoegeshwa pembeni ya malori. Zamani ungekuta pikapu na Land Rover chakavu. Siku hizi katikati yake utakuta Subaru Forester, tena nyingine ni zile zenye turbo. Ni gari ambalo Wajapani walilipa injini ya mwendo kasi, na huku kwetu limegeuzwa kuwa la kubebea mbegu, dawa na magunia mawili matatu ya mzigo. Tope linaliweza kwa sababu magurudumu yote manne yanavuta, na kwenye lami linakimbia. Kinachowatesa wenye nalo ni matairi.

Wakati mmoja uchaguzi wa tairi ulikuwa mfupi. Arusha tulikuwa na General Tyre, na Nairobi kulikuwa na kiwanda kilichotoa matairi ya Yana. Kile cha Arusha kilisimamisha uzalishaji katika nusu ya pili ya miaka ya 2000, na cha Nairobi kikafungwa mwaka 2016. Tairi la gari dogo tunalouziwa leo huja kwa meli, na mengi yana majina ambayo hata muuzaji mwenyewe anayatamka kwa kubahatisha. Si lazima yawe mabaya. Yapo mazuri kabisa, ila jina peke yake halimwambii mkulima chochote.

Upande wa mitumba nako kuna utata. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imeyaweka matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya mizigo midogo kwenye orodha ya bidhaa zisizoruhusiwa kuingizwa. Hata hivyo mtaani yapo, yamepangwa vizuri na kupakwa dawa ya kung'arisha. Mengine yamevuliwa kwenye magari yaliyokuja nayo kutoka Japani, na mengine njia yake ni ya kuulizwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, kazi ya ukaguzi imekuangukia wewe mnunuzi, na vifaa vyako ni macho na kalamu.

Anzia kwenye gari, si dukani. Fungua mlango wa dereva, utaona kibandiko. Maandishi ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Forester nyingi za kizazi cha pili, zile zilizotoka kuanzia mwaka 2002, zimeandikwa 215/60R16. Hiyo 215 ni upana wa tairi kwa milimita. 60 ni asilimia, maana yake kimo cha ubavu ni asilimia 60 ya upana huo, yaani milimita 129. 16 ni inchi za rimu. Kibandiko hicho hicho hutaja na upepo, ila kwa kipimo cha kilopaskali. Kikisema 230, mwambie fundi ajaze pauni 33, asikujazie 40 kwa sababu "unabeba mzigo, mzee".

Sasa tuje kwenye kosa kubwa, ambalo binafsi naliona limekula fedha nyingi za wakulima kuliko pancha zote. Mtu ana matairi manne, mawili yamekuwa vipara. Mfukoni ana fedha za mawili. Ananunua mawili mapya, anayafunga mbele, anaondoka akiwa na furaha. Kwenye Corolla hakuna neno. Kwenye Subaru inayovuta kwa magurudumu yote manne wakati wote, ameanza kujichimbia shimo.

Sababu yake ni hesabu ya kawaida. Tairi jipya huwa na kashata zenye kina cha milimita 8 hivi. Lililotumika nusu lina 4 au 5. Tofauti hiyo ya milimita 3 inaonekana ndogo, lakini ukiizungusha kuwa mzingo wa tairi inakuwa karibu milimita 19. Subaru wanashauri tofauti ya mzingo kati ya matairi manne isizidi robo ya inchi, yaani kama milimita 6. Umeshaizidi mara tatu. Tairi dogo linalazimika kuzunguka haraka kuliko kubwa, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma kinafanya kazi bila kupumzika, kilomita baada ya kilomita, hadi kinaungua. Dalili utaiona unapokata kona kali kwa mwendo wa taratibu. Gari linashikashika kana kwamba mtu amekanyaga breki. Wengi hukimbilia kubadili shokapu au kulaumu barabara. Bili ikija ni ya gia boksi, na ile akiba ya matairi mawili haifiki hata robo yake.

Kwa hiyo kwa gari hili, matairi hununuliwa manne, ya kampuni moja, saizi moja na kashata za aina moja. Najua hilo ni zito kwa mtu anayesubiri bei ya vitunguu ipande. Lakini lipo jambo la kufanya kabla ya kufikia hapo: kila baada ya kilomita 10,000 hivi, ya mbele yahamishiwe nyuma na ya nyuma mbele, ili yote manne yalike pamoja. Ni kazi ya nusu saa kwa fundi matairi yeyote.

Kuna na ugonjwa wa vijana, wa rimu za spoti. Mtu anavua rimu za inchi 16 anaweka za 18 na matairi ya 225/45R18. Kwa kipenyo amepatia, maana tairi zima linabaki karibu kimo kile kile, na mita ya mwendo haidanganyi sana. Lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 129 hadi 101. Amepoteza karibu sentimita tatu za mpira na upepo uliokuwa unakinga rimu dhidi ya mashimo. Barabara ya lami Dar es Salaam hatajua. Barabara ya shamba baada ya masika atajua siku ya kwanza, rimu itakapopinda au ubavu utakapotoa uvimbe.

Tena kuna tarakimu ambayo watu hawaisomi, ile inayofuata baada ya saizi. Tairi la 215/60R16 kwa kawaida huandikwa 95H. Hiyo 95 ni namba ya uzito, na maana yake ni kilo 690 kwa tairi moja. Baadhi ya matairi ya 225/45R18 yameandikwa 91, yaani kilo 615. Kwa matairi mawili ya nyuma, umepunguza kilo 150 za uwezo palepale unapolaza magunia. Yapo yaliyoimarishwa, yenye herufi XL, ambayo yanafika 95, lakini yanadai upepo zaidi. Herufi ya mwisho ni ya mwendo, na H inavumilia hadi kilomita 210 kwa saa. Hutafika huko, na trafiki hawatakuruhusu, ila kushusha herufi kwenye gari lenye turbo ili kuokoa fedha kidogo mimi sishauri. Mwenye Probox naye asijione yuko salama. Ile ya mizigo imeundiwa tairi la mizigo, na tairi jepesi la abiria lenye saizi inayofanana si badala yake.

Wengine hufanya kinyume, wanainua gari kwa kuweka 215/65R16 ili lisikwame. Kipenyo kinaongezeka kwa asilimia 3 hivi. Mita ikisoma 100, wewe uko 103. Ikiwa yote manne yamebadilishwa na hayagusi popote usukani ukikatwa hadi mwisho, silioni kama kosa kubwa.

Kabla ya kulipa, tafuta ubavuni tarakimu nne zilizomo kwenye kiduara kirefu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mimi niliwahi kuuziwa tairi "jipya", na karatasi zake za nembo bado zipo, kumbe lilikuwa limekaa ghalani miaka sita. Lilianza kupasuka nyufa ndogo ndogo kabla kashata hazijaisha.

Na tairi la spea? Forester nyingi huja na lile jembamba la dharura, lenye mwisho wa kilomita 80 kwa saa. Ni la kukufikisha kwa fundi wa karibu. Nimeona mtu amelifunga tangu mavuno ya mahindi hadi kupanda tena.