Huzuni ya wimbo si ugonjwa

Mwandishi, katika makala yako unaposema nyimbo za huzuni humzamisha msikilizaji, nakupinga. Sisi wa Kamanga, tunaovuka kivuko kwenda Mwanza mjini, tunajua msiba wa ziwa. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996, na marehemu wengi walizikwa Igoma. Kivuko cha MV Nyerere nacho kikazama karibu na kisiwa cha Ukara, Septemba 2018. Kwenye matanga ya huku nimeona mjane aliyekaa kimya tangu asubuhi, macho makavu, hadi kwaya ilipoanza ndipo akalia, na baada ya kulia akaomba uji. Wimbo haukumletea huzuni. Ilikuwamo tayari, ikakosa mlango.

Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Liila Taruffi na Stefan Koelsch waliwauliza watu 772 wa nchi mbalimbali wanahisi nini wakisikia muziki wa huzuni. Jibu lililotajwa zaidi halikuwa huzuni bali kuzikumbuka kwa hamu siku zilizopita. Ndiyo maana mzee akisikia nyimbo za mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki 1979, hutabasamu huku machozi yakimlengalenga. Tafadhali usiwashauri wafiwa wazime redio. Waulize kwanza wanataka kusikiliza nini.