Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Katika mabaraza yetu, kila itajwapo khabari ya Korea ya Kaskazini na mabomu yake, husikika kauli mbili. Wako wasemao kwamba dola ile na ivunjwe kwa nguvu, kwa kuwa haisikii la muadhini wala la mteka maji msikitini. Na wako wengine, tena ndio wengi, wachekao na kusema: hongera kwake, angalau yuko mdogo mmoja aliyewatia wakubwa hofu. Sisi twaona kauli zote mbili zimepotoka, na twaona ni wajibu wetu kuwaeleza wanachama kwa nini. Chama kinachodai haki hakina ruhusa ya kulipenda bomu kwa sababu tu linawaudhi wenye mabomu makubwa zaidi.

Na tuanze na tarikh, kwani bila ya tarikh maneno huwa ni ya ugomvi tu.

Korea ya Kaskazini ilijiunga na Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia mwaka 1985. Mwezi wa Machi 1993, wakaguzi walipotaka kuona yaliyofichwa, ikatangaza kuwa itajitoa. Vita vilikaribia kuzuka. Mwezi wa Juni 1994 Jimmy Carter, Rais wa zamani wa Marekani, alikwenda Pyongyang akakaa na Kim Il Sung, na maneno yakafanya kazi ambayo manowari zisingeliweza kuifanya. Kim alifariki mwezi wa Julai, lakini mazungumzo hayakufa naye. Tarehe 21 Oktoba 1994 mapatano yalitiwa saini mjini Geneva.

Mapatano yale yalikuwa mepesi kufahamika. Pyongyang itasimamisha kinu chake cha Yongbyon, na fito 8,000 za fueli iliyokwisha tumika, ambazo ndani yake mtu aweza kuchuja plutoni ya kutengenezea mabomu, zitawekwa chini ya macho ya wakaguzi. Nayo itapewa vinu viwili vya aina nyengine, vya kuzalisha umeme, na mpaka vitakapokwisha itapewa tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka. Hatua kwa hatua, pande mbili zitaondoa uadui baina yao.

Je, yalifanya kazi? Twajibu kwa insafu: kwa kadiri kubwa, ndiyo. Kwa muda wa miaka minane kinu kile kilikaa kimya, na fito zile hazikuguswa. Hilo na likumbukwe na kila asemaye kwamba watu wale hawazungumziki. Lakini wiki chache tu baada ya saini, uchaguzi wa Marekani ulileta Bunge la watu wasioyataka mapatano yale. Mafuta mara kwa mara yalichelewa. Kinu cha kwanza kilichokusudiwa kuwa tayari mwaka 2003 kilimwagiwa zege la msingi mwezi wa Agosti 2002. Na mwezi wa Januari mwaka huo huo Rais George W. Bush alikuwa ameihesabu Korea ya Kaskazini pamoja na Iraq na Iran katika kile alichokiita mhimili wa uovu.

Wala hatusemi kwamba upande wa pili ulikuwa na mikono safi. Mwezi wa Oktoba 2002 wajumbe wa Marekani waliishutumu Pyongyang kwamba inatafuta njia ya pili ya bomu, ya kurutubisha urani, kinyume na roho ya mapatano. Pyongyang ikakanusha; na miaka minane baadaye, Novemba 2010, ikamwonesha mwanasayansi wa Marekani kwa macho yake mashine za kazi hiyo hiyo. Basi mmoja alichelewesha deni lake, na mwengine alikuwa na mlango wa nyuma. Mwisho wa 2002 mafuta yalikatwa, wakaguzi wakafukuzwa, na Januari 2003 Korea ya Kaskazini ikatangaza kujitoa katika Mkataba.

Kisha likaja baraza la dola sita mjini Beijing, kuanzia Agosti 2003: Marekani, Uchina, Urusi, Japani na Korea zote mbili. Tarehe 19 Septemba 2005 Pyongyang iliahidi kwa maandishi kuacha silaha zote za nyuklia na mipango yake. Lakini siku zile zile, Wizara ya Fedha ya Marekani iliinyooshea kidole benki moja ya Macau, na fedha za Korea ya Kaskazini, kiasi cha dola milioni 25, zikazuiliwa. Mkono mmoja ulitia saini, wa pili ukafunga kasha. Tarehe 9 Oktoba 2006 bomu la kwanza likalipuliwa chini ya ardhi.

Hata baada ya hapo mlango haukufungwa. Mwaka 2007 fedha zile zilirejeshwa, na Yongbyon ikafungwa tena. Na Juni 2008 mnara wa kupozea wa kinu kile ulibomolewa mbele ya kamera za dunia. Lakini khitilafu ikazuka juu ya namna ya kukagua, na Aprili 2009 wakaguzi walifukuzwa. Jumla ya majaribio ya mabomu, tangu 2006 mpaka Septemba 2017, ni sita.

Sasa twafika katika kiini cha jambo. Kwa nini dola iliyozungukwa, iliyowekewa vikwazo, iliyoona njaa kubwa ya miaka ya 1990 ikiwaua raia wake kwa malaki, isikubali kuliacha bomu ipate chakula? Wazee wetu walikwisha jibu: usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu, umechakaa na una matundu, lakini ni wako. Msala ni mzuri, lakini unapita mikononi mwa mwenyewe, na kesho huujui uliko.

Na watawala wa Pyongyang wameiona misala mingi ikipita. Desemba 2003 Muammar Gaddafi wa Libya alikubali kuacha mipango yake ya silaha za nyuklia na za sumu. Mitambo ikapakiwa na kuchukuliwa, naye akasifiwa na kukaribishwa katika miji mikuu ya Ulaya. Mwaka 2011 ndege za dola zile zile zilizomsifu zilikuwa juu ya anga yake, na mwezi wa Oktoba akauawa. Hatumlilii Gaddafi, raia wake wana hesabu yao naye. Twasema tu kwamba mwezi wa Machi mwaka huo, kabla hajafa, Pyongyang ilikwisha tangaza hadharani somo ililolipata. Na Ukraine nayo, mwezi wa Desemba 1994 mjini Budapest, iliahidiwa na Urusi, Marekani na Uingereza kuwa mipaka yake itaheshimiwa, nayo ikatoa silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake. Mwaka 2014 Urusi ikaichukua Crimea, na mwaka 2022 ikaivamia nchi nzima.

Basi lilikuwa jambo la ajabu kwamba mwaka 2018, katika matayarisho ya mkutano wa Singapore, mshauri wa Rais Donald Trump alizungumza kwa kujivuna juu ya kufuata mfano wa Libya. Ni sawa na kumwita mbuzi kwa kumwonesha kisu. Mkutano wa tarehe 12 Juni 2018 ulitoa karatasi fupi na picha nyingi. Ule wa Hanoi, Februari 2019, ulivunjika: Kim Jong Un alitaka vikwazo vikubwa viondolewe kwa kuifunga Yongbyon, na Trump alitaka zaidi ya Yongbyon. Kila mmoja alitaka mwenziwe atangulie kuvuka daraja. Septemba 2022 Pyongyang ikatunga sheria ya kusema kwamba hali yake ya kuwa na nyuklia haitarejea nyuma.

Je, haijapata kutokea dola ikaliacha bomu lake? Imetokea, tena katika Afrika yetu. Machi 1993 Rais F. W. de Klerk alilieleza Bunge la Afrika Kusini kwamba nchi yake ilikuwa imetengeneza mabomu sita na imekwisha yavunja yote. Sababu alizozitaja ni kwamba hofu ilikuwa imeondoka: vita vya Angola vilitulia, majeshi ya Cuba yalikubali kuondoka, Namibia ikawa huru. Wako wasemao kwamba utawala ule haukutaka kuwarithisha Waafrika bomu, na huenda na hilo limo. Lakini hapana aliyewaahidi gunia la mchele. Mabadiliko ya jirani yalifanya kazi hiyo. Na baadaye Afrika ikaandika Mkataba wa Pelindaba, uliotiwa saini Cairo mwaka 1996 na kuanza nguvu Julai 2009 ilipotimia idadi kwa kuridhia Burundi. Ni fakhari yetu sote, wala tusiibeze kwa kulishangilia bomu la mtu mwengine.

Kwa hivyo rai yetu ni hii. Asiyemwamini mwenziwe asiombwe kuvua ngao yake yote kwa siku moja. Aombwe kusimamisha kwanza: asilipue, asiongeze, awarejeshe wakaguzi; na kila hatua ilipwe papo hapo, si kesho, kwani mkono mtupu haulambwi. Ahadi iwe ni ya dola wala si ya mtu mmoja, ithibitishwe na mabunge, ili Rais ajaye asiichane. Na lengo la mwisho, yaani kuondoka kwa silaha hizi duniani, lisifutwe kwa kuchoka, wala wenye mabomu makubwa wasijione hawamo katika hesabu.

Sisi wa visiwa hivi hatuna haja ya kufundishwa mapatano ni nini. Tumeona muafaka wa 1999 na wa 2001, na twajua tafauti baina ya karatasi iliyotiwa saini na karatasi iliyotekelezwa. Wala jambo hili haliko mbali nasi. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zaidi ya thelathini zilikuwa zikipepea bendera ya Tanzania kwa njia ya usajili wa meli wa hapa Zanzibar, wakati dola kubwa zikiishindikiza Iran kwa ajili ya mambo haya haya ya nyuklia. Na Serikali ikalazimika kuzifuta. Bendera yetu ilikuwa bidhaa sokoni, na wananchi hawakuulizwa. Na tudai basi kuulizwa.

Ndugu wanachama, atakayesema barazani kwamba hawa hawasikii ila nguvu, mkumbusheni miaka minane ya kinu kilichokaa kimya. Na atakayesema kwamba bomu ndiyo heshima ya mnyonge, muulizeni: mnyonge yupi aliyeshiba kwa bomu? Wakulima waliokufa kwa njaa walikuwa wanyonge, na halikuwafaa kitu. Heshima ya mnyonge ni ahadi inayotimizwa. Hiyo ndiyo tunayoidai hapa kwetu, na hiyo ndiyo tuidai kwa kila mtu.